Nani alimfundisha mtoto kuchukia? Filamu za vita zilizoangaliwa kwa macho ya Masisi na Walikale

Mwalimu anamwita kijana mmoja mbele ya darasa. Anampima kichwa, anatazama rangi ya macho na ya nywele zake, kisha anawatangazia wanafunzi kwamba huyu ana damu ya Kiarya, damu ya watu waliojiita taifa bora. Kijana anarudi kwenye kiti chake akitetemeka. Yeye ni Myahudi, na amejificha ndani ya shule ya vijana wa Hitler.

Tukio hilo limo katika filamu Europa Europa ya mwaka 1990, iliyoongozwa na Agnieszka Holland wa Polandi. Filamu inafuata maisha ya Salomon Perel, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1925 na kufariki mwaka 2023, ambaye aliokoka vita kwa kujifanya Mjerumani mbele ya watu waliokuwa wakiwaua ndugu zake.

Kwa mtu aliyekulia Kivu ya Kaskazini, tukio hilo halihitaji maelezo mengi. Hapa kwetu, kwenye vizuizi vya barabarani, watu wamekuwa wakisomwa pua, paji la uso na urefu kabla hata ya kuombwa kadi ya mpiga kura. Uso wa mtu umegeuzwa kuwa kitambulisho chake, na mara nyingine hukumu yake.

Katika miezi hii nimeangalia filamu kadhaa za vita zinazowahusu watoto waliolelewa katika maneno ya chuki. Nyingi ni za Ulaya, chache ni za Afrika. Nilikuwa na swali moja: je, zina neno lolote kwa mzazi wa Masisi au Walikale ambaye mtoto wake anakua katikati ya makundi yenye silaha, nyimbo za vita na sauti za WhatsApp zinazomtaja jirani kama adui?

Chuki inayokuja kama zawadi

Filamu inayojulikana zaidi kati ya hizo ni Jojo Rabbit ya mwaka 2019, ya Taika Waititi wa New Zealand. Ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2020 kwa uandishi wake. Jojo ana miaka 10. Anaishi Ujerumani siku za mwisho za vita, anavaa sare ya vijana wa Hitler kwa fahari, na ana rafiki wa kuwazia tu, ambaye ni Hitler mwenyewe, anayemtembelea chumbani kumpa moyo.

Filamu inachekesha, na hapo ndipo inapofundisha. Inaonyesha kwamba Jojo hakuletewa chuki kwa viboko. Aliletewa pamoja na sare, kambi ya michezo porini, kisu kipya kiunoni, marafiki na nyimbo. Mtoto ambaye baba yake hayupo nyumbani alipewa mahali pa kuwa mtu. Maneno kuhusu Wayahudi yalikuja ndani ya furaha hiyo, kama chumvi ndani ya chakula.

Ndivyo ilivyokuwa katika historia pia. Mwaka 1939 utawala wa Wanazi ulifanya kujiunga na vijana wa Hitler kuwa lazima, kuanzia umri wa miaka 10. Mwaka mmoja kabla, mchapishaji Julius Streicher alikuwa ametoa kitabu cha watoto ambamo mama na mwanawe wanaenda msituni kuokota uyoga. Mama anamfundisha mtoto kutofautisha uyoga wa kula na wenye sumu. Kisha anamwambia kwamba hata kati ya watu kuna wenye sumu, nao ni Wayahudi.

Wasomaji wa Walikale wanajua somo hilo la msituni. Ni mojawapo ya masomo ya upendo ambayo mama humpa mtoto: hii kula, hii usiguse. Mwandishi wa kitabu kile alichukua upendo huo akaupandikizia mauaji. Streicher alihukumiwa Nuremberg na kunyongwa mwaka 1946, ingawa yeye mwenyewe hakushtakiwa kwa kushika bunduki. Alihukumiwa kwa maneno.

Hapa karibu nasi, mahakama ya kimataifa ya Arusha ilifanya vivyo hivyo Desemba 3, 2003, ilipowahukumu waanzilishi wawili wa redio RTLM na mwenye gazeti la Kangura kwa ajili ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Redio ile ilikuwa imewaita watu mende. Wengi katika Masisi wanakumbuka kilichofuata, maana Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia Goma, na pamoja nao wakaja watu waliokuwa wameyatenda mauaji hayo, silaha zao na maneno yao.

Baada ya vita, maneno hubaki

Filamu mbili zinaonyesha jambo ambalo mikataba ya amani husahau. Ya kwanza ni ya Roberto Rossellini wa Italia, Germania anno zero, ya mwaka 1948. Ilipigwa ndani ya magofu ya Berlin. Hitler amekufa, vita vimekwisha. Edmund, mtoto wa miaka 12, anahangaika kutafutia familia yake chakula. Anakutana na mwalimu wake wa zamani, ambaye bado anazungumza kama zamani: mnyonge lazima afe ili mwenye nguvu aishi. Edmund ana baba mgonjwa kitandani. Analichukua neno la mwalimu jinsi lilivyo, na kumtilia baba yake sumu. Kisha mtoto mwenyewe hawezi kuishi na alichokitenda.

Ya pili ni Lore ya mwaka 2012, ya Cate Shortland wa Australia. Baba ni afisa wa SS, mama anamwabudu Hitler, na wote wawili wamekamatwa. Binti yao mkubwa, Lore, anavuka Ujerumani kwa miguu pamoja na wadogo zake wanne kwenda kwa bibi yao. Njiani wanasaidiwa na kijana mwenye karatasi za Kiyahudi. Lore anakula chakula alichokipata kijana huyo, lakini hataki amguse.

Njiani pia wanaona picha za kambi za mauaji zimebandikwa ukutani na majeshi yaliyoshinda. Watu wazima wanasema picha hizo ni za uongo, zimetengenezwa na Wamarekani. Msomaji wa hapa atatabasamu kwa uchungu. Ni mara ngapi picha ya maiti za kijiji cha upande mwingine imetufikia kwenye simu, na jibu la kwanza likawa kwamba ni picha ya nchi nyingine, ni ya zamani, au walijiua wenyewe?

Za kwetu Afrika: jeraha kwanza, maneno baadaye

Filamu za Afrika zinaanzia mahali pengine. Rebelle ya Kim Nguyen, ya mwaka 2012, ilipigwa hapa nchini, Kinshasa. Rachel Mwanza, aliyekuwa ameishi mitaani Kinshasa bila kujua kusoma, aliigiza kama Komona, msichana wa miaka 12 anayekamatwa na waasi. Alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin mwaka huo. Ndani ya filamu, waasi wanamlazimisha Komona kuwapiga risasi wazazi wake. Kisha wanamwambia kwamba sasa bunduki ndiyo mama na baba.

Beasts of No Nation ya mwaka 2015, iliyopigwa Ghana, inafuata mtoto anayeitwa Agu, aliyeigizwa na Abraham Attah. Askari wamemuua baba yake. Anakimbilia msituni na kuangukia mikononi mwa mkuu wa wapiganaji, anayeigizwa na Idris Elba. Mkuu huyo anamlisha, anamwita mwanawe, anampa nguo. Siku moja anamkabidhi panga na kumwambia kwamba mfungwa aliye mbele yao ni mmoja wa waliomuua baba yake. Mfungwa analia, anajitetea. Mtoto hana njia ya kujua kama ni kweli. Anapiga.

Tukio hilo la Agu liko karibu na Masisi kuliko yote ya Jojo. Jojo hakuwa amewahi kuonana na Myahudi. Aliweza kuamini kwamba wana pembe kwa sababu hakuwahi kukaa nao. Siku alipogundua kwamba mama yake anamficha msichana wa Kiyahudi, Elsa, nyuma ya ukuta wa chumba, uongo wote ulianza kubomoka, kwa sababu Elsa alikuwa msichana tu.

Mtoto wa Masisi hana nafasi hiyo. Yeye anamjua jirani. Wamekaa kwenye benchi moja la shule, wamenunua mihogo na formaji kwenye soko moja, mara nyingine shangazi yake ameolewa upande ule. Na nyumba yao ilichomwa kweli. Kaka yake aliuawa kweli. Anayemfundisha kuchukia hahitaji kutunga pembe. Anachukua jeraha la kweli na kuliongezea jina la kabila zima.

Kila upande na hadithi yake

Majeraha hayo yana historia ndefu. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Wabelgiji ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda na kuzikalisha Masisi, katika nchi ya Gishari, kwenye ardhi ya machifu Wahunde. Uraia wa wanaozungumza Kinyarwanda ukatolewa kwa sheria mwaka 1972, kisha ukaondolewa kwa sheria nyingine mwaka 1981. Machi 20, 1993, watu waliuawa sokoni Ntoto, wilayani Walikale, na moto ukasambaa hadi Masisi. Maelfu walikufa, Wahutu na Watutsi, Wahunde na Wanyanga. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mzazi.

Tangu hapo kila jamii imekuwa na vijana wake wenye bunduki, na kila kundi limejiita la kujilinda. Upande mmoja mtoto anasikia kwamba jirani ni mgeni aliyekuja kunyang'anya ardhi ya mababu. Upande mwingine mtoto anasikia kwamba jirani anaandaa kuwamaliza wote. Wote wawili wanaambiwa kwamba wao ndio wanaoshambuliwa, na wote wawili wana kaburi la kuonyesha.

Ndiyo maana filamu ya Masisi haiwezi kuwa kama za Ujerumani, ambako muuaji na muuawa walikuwa wazi. Filamu ya Masisi inayoonyesha mtoto wa upande mmoja tu akifundishwa chuki, itachukuliwa na upande wa pili kama silaha nyingine.

Mfano wa ugumu huo ni The Mercy of the Jungle ya Joël Karekezi wa Rwanda, iliyoshinda tuzo kubwa ya FESPACO mwaka 2019. Inahusu askari wawili wa Rwanda waliopotea katika msitu wa Kongo mwaka 1998. Ni filamu inayomtazama askari kama mtu, tena aliyechoka na vita. Lakini msitu ule una wenyewe, na mkaaji wa Walikale anayeiangalia atauliza kamera ilikuwa wapi wakati askari hao walipoingia kijijini kwao.

Sheria ipo

Sheria hazikosekani. Amri ya Juni 7, 1966, inakataza ubaguzi wa rangi na wa kikabila. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 10, 2009, inakataza kumwingiza mtoto jeshini au katika kundi lenye silaha. Oktoba 4, 2012, serikali ilitia sahihi na Umoja wa Mataifa mpango wa kumaliza uandikishaji wa watoto.

Mahakama nazo zimefanya kazi. Thomas Lubanga alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa ya jinai ya The Hague, mwaka 2012, kwa kuwatumia watoto vitani Ituri. Bosco Ntaganda, aliyekuwa na nguvu kubwa Masisi kabla ya kujisalimisha, alipewa miaka 30 mwaka 2019. Na Novemba 23, 2020, mahakama ya kijeshi Goma ilimhukumu kifungo cha maisha Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi la NDC huko Walikale. Kati ya makosa yake, pamoja na mauaji na ubakaji, lilikuwa la kuandikisha watoto.

Hata hivyo hukumu humfikia aliyempa mtoto bunduki. Aliyempa sababu ya kuipokea mara nyingi hayuko mahakamani. Anaweza kuwa mwalimu, mwimbaji, mchungaji, mwanasiasa wa Goma au Kinshasa, au ndugu aliye Ulaya anayetuma sauti usiku. Anaweza pia kuwa baba nyumbani.

Kiswahili cha kwetu kilitoa neno kadogo, na dunia nzima ikalijua tangu vita vya mwaka 1996. Wengi tunalitaja kama neno la watu wengine, la waliokuja na bunduki. Lakini kila kadogo alikuwa na nyumba alikotoka, na aliyosikia huko kabla ya bunduki.

Kuangalia peke yako na kuangalia pamoja

Katika nyumba za video za Goma, Sake au Walikale-centre, filamu ya vita ni filamu ya kupigana. Kijana analipa faranga zake, anahesabu maiti, anatoka nje akiiga mlio wa bunduki. Filamu yoyote kati ya hizi, hata Rebelle, inaweza kuangaliwa hivyo. Hapo haifundishi kitu, au inafundisha kinyume.

Mashirika yaliyopeleka sinema vijijini mashariki mwa Kongo, kama Search for Common Ground, yalikuwa na desturi moja nzuri: filamu ikiisha, watu hawatawanyiki. Mtu anasimama na kuuliza. Swali halihitaji kuwa gumu. Nani alimwambia mtoto huyu hivyo? Aliyemwambia alipata faida gani? Mtoto alikuwa ameona nini kwa macho yake?

Mzazi anaweza kufanya hivyo kwa simu na watoto watatu sebuleni. Lakini achague kwa umri. Jojo Rabbit inafaa kwa mtoto mkubwa kidogo akiwa na mtu mzima. Rebelle na Beasts of No Nation si za watoto, na kwa yule aliyeona vita kwa macho yake zinaweza kufungua kidonda kisichokuwa na daktari karibu.

Mimi niliangalia Jojo Rabbit na mtoto wa dada yangu, ana miaka 11. Familia yao ilitoroka Masisi kwa sababu ya vita. Alicheka sana Jojo alipotaka kujua habari za pembe za Wayahudi. Aliona ni ujinga mtupu.

Jioni hiyohiyo, tukila, akanieleza kwa utulivu kwamba shuleni kuna watoto ambao hupaswi kupokea kitu mikononi mwao, kwa sababu watu wa kwao wanatia karuho. Akalitaja kabila. Nilimuuliza nani kamwambia. Akajibu, "Mjomba, kila mtu anajua."

Sikuwa na jibu la haraka. Sumu ya karuho inazungumzwa katika nyumba nyingi za Kivu, na nyumbani kwetu pia. Nilikumbuka kwamba nami niliwahi kuisikia mezani nikiwa na umri wake, na hakuna mtu mzima aliyesema neno. Pengine mmoja wao hakuamini. Alinyamaza ili chakula kiishe kwa amani.

Tuliporudi kwenye filamu kesho yake, yeye ndiye aliyeuliza. Mama wa Jojo, Rosie, anawachukia Wanazi tangu mwanzo, na anahatarisha maisha yake kumficha Elsa. Mwishowe wanamnyonga uwanjani. Kwa nini basi hakumwambia mwanawe mapema kwamba anayofundishwa ni uongo?

Nilimwambia kile filamu inachoonyesha: Rosie aliogopa. Katika mji ule, mtoto mwenye sare angeweza kumtaja mama yake, na mama akauawa.

Akafikiri kidogo. Kisha akauliza kama mimi pia kuna jambo naogopa kumwambia. Nikazima filamu, na tukaanza kuzungumza habari ya karuho.